Mwanachama wa Tano

Jumatatu, 3 Juni
Mungu nisamehe. Mkopo wa kikundi unataka watu watano wadhaminiane. Tulikuwa wanne: mimi, mashemeji wawili na muuza nyanya, mgeni hapa sokoni. Wa tano nimemwandikisha mama. Mama yuko udongoni mwaka wa tatu sasa! Nimemwambia afisa mikopo kwamba bi mkubwa anaumwa miguu. Alama ya dole gumba nimeipiga kwa dole langu la mguu. Mashemeji nimewaziba midomo kwa maharage. Mke wangu hajui. Dhamana ni kibanda cha maharage, kile kile alichotuachia mama, na ndicho kinachotulisha.

Jumatatu, 10 Juni
Siku ya marejesho. Fungu la mama nilishalila: nimepaka kibanda rangi. Nimeenda na uongo wangu tayari kinywani. Afisa akasema mama kashalipa. Kaja mwenyewe, anachechemea, hata kiti kakataa. Akanisifu kwamba nina mzazi wa kuigwa. Nimecheka mpaka nje. Nje, kicheko kikaisha chenyewe.

Jumanne, 11 Juni
Muuza nyanya naye kamwona. Ati bibi alimuuliza kama mwanawe bado anabonyeza mzani kwa kidole. Siri hiyo tunaijua wawili tu, mimi na mama aliyenifundisha! Leo nimepima kilo kamili. Mteja akauliza kama naumwa.

Jumatatu, 17 Juni
Nimewahi nimvizie. Benchi la ofisini tupu. Nikaketi. Pana baridi, pananukia mafuta yake ya kuchua. Afisa akasema tumepishana mlangoni. Mimi sikupishana na kiumbe!
Jioni mke wangu kafungua gunia jipya la maharage. Uzi haujaguswa, ndani nusu tupu. La pili vilevile. Akauliza: watoto watakula rangi? Nikapiga magoti, nikatapika yote. Kasema mama analipa kwa mali yake mwenyewe, hajamwibia mtu. Kesho niende nikakiri, jina lake lifutwe, kabla hajakimaliza kibanda.

Jumanne, 18 Juni
Nimekwenda kukiri. Kweli tupu! Kabla sijafungua mdomo, afisa kaniambia muuza nyanya kajitoa. Jana alimshika bibi mkono kumteremsha ngazi, na vidole vyake havijapata joto mpaka leo. Sasa tumebaki wanne, mama akiwemo, na kikundi cha wanne kinavunjwa, kibanda kinachukuliwa. Akauliza kama nina mtu mwingine mwaminifu katika ukoo, maana ukoo wetu unamvutia sana.
Ulimi ukaniwahi. Nikasema yupo baba. Haonekani-onekani, ila yupo.
Afisa akaandika.
Marehemu baba enzi zake hakuwahi kulipa deni la mtu. Lakini watu hubadilika.