Nerima Ni Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Asmaa ndiye Nerima. Yule Nerima wa tamthilia ya saa mbili, anayewatoa watu jikoni wali ukaungua. Uso ni wa mwanamke wa huko ng'ambo, lakini Kiswahili kinachomtoka mdomoni ni cha mwanangu wa kumzaa. Amenipigia leo kutoka Dar. Kazi yake ni kuingiza sauti, mwezi wa tatu sasa, alikuwa ananificha. Sijamsalimia mtu tangu asubuhi, nafasi sina.

Akasema, mama, hii ni yako peke yako. Wazee wa Nkowe wanakuja Jumapili kuleta posa ya Ashraf, na mama yake Ashraf, Bi Amna, asiambiwe na mtu habari ya Nerima. Nitamwambia mwenyewe. Nimeelewa. Mimi si mtu wa maneno.

Nimemwambia Teodosia tu. Nilikuwa nasukwa saluni kwake, kichwa kiko mikononi mwake, ningefanyaje. Tena binti yake ni karani, na ukarani huo tumeusikia mpaka masikio yameota sugu. Leo hakuutaja. Msuko wa mwisho aliuvuta kwa chuki, nikavumilia.

Jumatano, 6 Agosti

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nilivaa gauni la Idi nikaenda saluni kuangalia marudio ya mchana, nikae mbele kama mzazi. Saluni imejaa, Teodosia kawaita. Nerima katokea tu, wakaanza. Mchawi. Mwizi wa waume. Mmoja ana dawa ya nywele inamuunguza kichwani, hataki kuoshwa mpaka amalize kumlaani. Pelda, yule mke mkubwa, akilia nao wanalia. Mwanangu akifungua mdomo wanamuombea agongwe na gari.

Nikasimama mbele ya runinga. Nikawaambia anayemtukana Nerima ananitukana mimi. Wakaniambia nikae, nawaziba. Teodosia akasema kwa ile sauti yake ya upole, ile mbaya, kwamba yeye hashangai. Sauti hiyo kaizoea, ni ya mama Asmaa akifukuza mbuzi wa watu. Wakacheka hao. Nimeondoka na nywele nzuri alizozisuka yeye, ndilo linaloniuma.

Nimemweleza mume wangu Anuari. Akauliza kama kweli Nerima ndiye aliyetia sumu kwenye chai ya Pelda. Nimemnyima jibu. Na chai.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia Asmaa nikampa maagizo. Nerima atubu kabla ya Jumapili. Aombe radhi, ajifunike vizuri, arudi kwao. Akasema haiwezekani mama, mimi nasoma kilichoandikwa. Nikamwambia basi ubadilishwe, upewe Pelda, mke mwema, mvumilivu, mwenye machozi.

Akasema yeye alipewa Pelda ajaribu, akamkataa. Kurasa nzima ni kulia. Pelda anaambiwa, anasindikizwa, anazimia. Nerima ndiye anayeuliza funguo ziko wapi na nani kasaini. Akasema, mama, pale ofisini Ruangwa nilikaa na diploma yangu ya uhasibu nikitikisa kichwa na kuwapelekea chai wanaume niliosoma nao darasa moja. Siku ya kwanza studio nikaisikia sauti yangu inamwambia mwanaume kaa chini, na akakaa. Nikajua kazi yangu ndiyo hii. Ninyi mnampenda Pelda kwenye runinga, lakini hakuna kati yenu anayetaka kuwa yeye. Wewe mwenyewe, mama, lini ulizimia?

Nikamwambia sijawahi, na hiyo si hoja. Akacheka kicheko cha Nerima. Nilikata simu. Anakiweza vizuri mno, hilo lazima niliandike.

Jumamosi, 9 Agosti

Habari zimefika Nkowe. Bi Amna katuma neno: wazee kwanza wakae, posa isubiri. Anaogopa kumpeleka Nerima kwa mwanawe. Mdomo uliofikisha habari ninaufahamu, una saluni.

Hii posa haifi mimi nikiwa hai. Mpango ninao. Nitakwenda mwenyewe nimwambie Bi Amna kwamba Nerima ni Asmaa mwingine, wa Mtwara, msichana asiye na malezi.

Jumapili, 10 Agosti

Basi mpaka Ruangwa, bodaboda mpaka Nkowe, kuku kwapani. Nimemkuta Bi Amna mkekani, mbele ya marudio ya wiki nzima. Nikasubiri matangazo, nikamweleza habari ya Asmaa wa Mtwara. Niliieleza vizuri, na kijiji chake nikakitaja.

Bi Amna akachukua simu, akampigia Asmaa, akaweka spika. Binti yangu mwema akasema shikamoo mama. Akaulizwa, Nerima ni wewe? Akajibu ndiyo mama, ni mimi. Nikamtazama kuku.

Bi Amna akauliza, na mwanangu utamjibu kama yule? Asmaa akasema akinificha funguo, nitamjibu. Bi Amna akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Akasema mama mkwe wake alimnyima funguo za ghala la korosho mpaka anakufa, na yeye alikuwa kama Pelda, analia jikoni. Posa ipo.

Ningeondoka hapo na ushindi. Lakini Asmaa akaomba aseme. Wazee wasije sasa, wangoje Desemba mkataba wake uishe, na kazi haachi. Ashraf akikubali, vizuri. Asipokubali, aseme mapema. Bi Amna akasema atamuuliza mwanawe. Mimi nilitaka kupasuka. Binti anaweka masharti kwenye simu mbele ya mkwe, na kuku nimeshamtoa.

Jumatano, 13 Agosti

Ashraf kakubali yote. Atangoja Desemba, na Dar atahamia yeye, kasema duka hata kule atafungua. Asmaa alikuwa analia kwenye simu, kilio chake mwenyewe, si cha kusoma. Akasema, mama, nakuomba, mara hii tulia. Usimwambie mtu, usipange kitu, wazee wenyewe watataja siku. Nikamwapia.

Kiapo nimekishika tangu asubuhi mpaka saa sita. Nilikwenda kuchagua kitenge tu, si kosa kuwa na kitenge. Teodosia akanikuta dukani, akauliza kwa huruma kama ni kweli wa Nkowe wamekimbia. Kwa huruma, mbele ya watu.

Basi nimemjibu. Posa imepita, sare ni hii ya kijani, wali utapikwa kwangu, na Nerima mwenyewe atakuwepo, atawasemesha kwa sauti ileile, anayetaka kumtukana amtukane usoni. Saluni nzima imeshanunua kitenge. Bi Amna nimemtumia ujumbe aje na wazee wake, Desemba ni mbali.

Asmaa nitampigia Ijumaa. Wengine wote nimeshawaambia, shughuli ni Jumamosi tarehe 23, saa nane mchana.