Antena na Ufunguo wa Roho

Masikio ya Antena, kwa maelezo ya Antena mwenyewe, yalikuwa yanasikia vumbi likitua.

Kazi yake ilikuwa kuuza miwani. Mteja akishakaa kwenye kiti cha kupimwa na kuanza kuhangaika na herufi za ukutani, Antena alimwambia, "Macho yako nitayatengeneza. Lakini masikio kama yangu, samahani, hayauzwi." Mteja alikubali tu, maana miwani yake ilikuwa bado mkononi mwa Antena. Hata hilo jina alijipa mwenyewe, kisha akawa analalamika kwamba watu wanapenda sana kumpa majina.

Kilichompa kiburi ni Kabati la Jua. Hii ilikuwa bendi ya roki ya maruweruwe, ya enzi za suruali pana na nywele za kufugia ndege. Magitaa yalilia kama yametumbukia kisimani, na wimbo mmoja uliweza kula upande mzima wa santuri bila mtu kujua ulianza lini. Bendi yenyewe ilikufa zamani. Mashabiki waliobaki wangeweza kuenea kwenye kochi moja, na kila Jumamosi mchana walienea kweli, nyuma ya duka la Antena, wakigombana.

Safari hii waligombania toleo jipya. Kampuni ilikuwa imefukua kanda za mwanzo kabisa za bendi, ikazisafisha na kuzitoa upya.

"Sasa nasikia gitaa," alisema fundi friji, mtu mpole ambaye upole wake ulimchoma Antena kuliko matusi. "Zamani nilikuwa nasikia mvua."

"Hiyo mvua ndiyo muziki," Antena akamjibu. "Wewe umezoea kusafisha majokofu, unadhani kila kitu kinataka kusafishwa. Tena wamekata Swali Kuu."

Swali Kuu lilikuwa hivi. Katikati ya wimbo wa mwisho magitaa yalinyamaza, na sauti ya mbali ikauliza: nani ana ufunguo wa roho? Ndivyo alivyosema Antena, na wa kumbishia hakuwepo, kwa sababu santuri ya zamani alikuwa nayo yeye peke yake na hakuruhusu mtu hata kuipumulia karibu. Alipowapigia, aliwafafanulia juu kwa juu, na kwa vile mikwaruzo ilikuwa mingi kuliko maneno, wenzake walisikia walichoambiwa wasikie. Swali hilo alilichapisha kwenye fulana, akalibandika kwenye kioo cha duka, na akalipenyeza kwenye kadi ya harusi ya binti yake, jambo ambalo mkewe alikuwa bado hajalisamehe.

Antena aliisumbua kampuni kwa simu hadi ikachoka. Mwishowe wakasema: haya, leteni mtu mmoja mwenye masikio, aje studio asikilize kanda yenyewe, atuambie kile kipande tukirudishe au tukiache.

"Mtu huyo anajulikana," Antena akasema, akaanza kufikiria koti la kuvaa.

"Tumpime kwanza," akasema shemeji yake.

Huyu shemeji alikuwa mdogo wa mkewe, muuguzi katika kliniki ya masikio. Antena ndiye aliyemwingiza kwenye mapenzi ya Kabati la Jua, na alikuwa amejuta tangu siku ile binti wa watu alipoanza kuwa na maoni.

Basi Jumamosi hiyo fundi friji akatundika shuka mbele ya mashine ya santuri. Angepiga la zamani, ambalo Antena alikubali kwa shingo upande liguswe siku hiyo tu, au toleo jipya, na Antena angetambua kwa kusikia tu. Antena akaketi, akafumba macho, akakunja mikono juu ya tumbo kama mfalme anayesubiri kuletewa kodi.

Punde akaanza kutikisa kichwa.

"La zamani," akasema. "Hakuna ubishi. Sikieni hiyo besi inavyodunda polepole, kama moyo. Du, du, du. Kwenye toleo jipya wameiua kabisa."

"Shemeji," muuguzi akasema taratibu, "fundi hajawasha mashine."

"Nini?"

Akamsogelea sikioni. "Mashine haijawashwa."

"Natafuta soketi," ikasikika sauti ya fundi friji nyuma ya shuka.

Antena alieleza kwamba alikuwa anasikiliza kwa kumbukumbu, jambo ambalo wataalamu hufanya. Muuguzi hakubishana naye. Alitoa kurunzi ndogo kwenye mkoba, akamshika ncha ya sikio, akachungulia, kisha akahamia upande wa pili, akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyefungua stoo iliyosahauliwa.

"Hiyo besi ni damu yako mwenyewe inayotembea," akasema. "Humu ndani mmejaa nta. Jumatatu njoo kliniki."

Jumatatu wakamwingizia maji ya uvuguvugu. Kilichotoka hakifai kusimuliwa mbele za watu, ila wauguzi wa chumba cha jirani waliitwa kuja kukitazama. Antena alipotoka nje viatu vyake mwenyewe vilimshtua. Nyumbani akasimama mlango wa jikoni, amepigwa na butwaa.

"Kumbe huwa unaongea ukiwa huku?"

"Miaka yote," mkewe akasema. "Nilidhani ukinyamaza umekubali. Ndivyo tulivyobadilisha mapazia."

Santuri yake hakuigusa. Alitaka masikio mapya yafunguliwe rasmi na kanda yenyewe. Alipiga simu kampuni, akaambiwa waje wote kama ni wachache kiasi hicho. Hata mkewe akaja, aone kitu gani kilichomchukulia mume.

Studio ilikuwa chumba chenye zulia hadi ukutani. Fundi mitambo, mama mwenye hedifoni shingoni, alimsubiri Antena amalize hotuba kuhusu roho ya binadamu, kisha akabonyeza kitufe.

Magitaa yakalia. Magitaa yakanyamaza. Sauti ikaja safi, kana kwamba mwenyewe yupo pale chumbani:

"Jamani, nani ana ufunguo wa choo?"

"Uko kwa mlinzi," mwingine akajibu.

Zikafuata nyayo za mtu anayekimbia, mlango ukabamizwa, na wimbo ukaendelea na gitaa moja pungufu. Upungufu huo Antena alikuwa ameusifu kwa miaka mingi, akiuita ujasiri wa kisanii.

"Rudisha nyuma," akasema.

Ikarudishwa. Mtu akakimbia tena, mlango ukabamizwa tena. Shemeji alikuwa ameuma kamba ya mkoba wake. Fundi friji aliitazama dari kwa heshima kubwa.

Antena akakohoa. "Kwa kweli, tukilitazama kwa undani, choo ni mahali ambapo binadamu..."

"Baba Bibi Harusi," mkewe akasema, "ishia hapo hapo."

"Sasa mzee," fundi mitambo akauliza, akijitahidi kuutuliza uso wake, "turudishe au tuache kama tulivyokata?"

Wote wakamgeukia. Angeweza kusema waache, na hakuna mtu nje ya chumba kile ambaye angejua. Alifikiria.

"Rudisheni," akasema kwa sauti ndogo. "Ndicho kilichorekodiwa."

Akachukua koti lake, akaaga kwa adabu, akasema ana wateja wanaosubiri. Mlango wa studio ni mnene, umetengenezwa makusudi sauti isipenye. Ukajifunga taratibu nyuma yake. Antena alikuwa ameshafika kwenye ngazi za nje alipowasikia wakipasuka kwa kicheko, na kwa masikio aliyokuwa nayo sasa hakuhitaji kukisia: kilichokuwa juu ya vyote kilikuwa cha mkewe.