Nyumba ya Dada Verdiane na Upepo wa Penrith

Jumamosi, 2 Agosti

Balaa! Dada Verdiane anahama. Ametangaza mezani, kijiko cha isombe, kisamvu cha kwetu, mkononi, kama mtu anayeomba chumvi. Ananunua nyumba Penrith, mji wa jirani hapa ughaibuni. Nyumba ya kiwandani! Wanaiunda huko vipande viwili, wanaileta kwa lori, wanaiunganisha, halafu mtu anaingia na mapazia yake. Kiwanja atakodi, nyumba itakuwa yake.

Nimemkumbusha kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Makao yetu ya kwanza pale nayo yaliletwa kwa lori. Turubai. Upepo ulilichukua mara mbili, mara ya pili pamoja na blanketi langu. Kinachokuja kwa lori huondoka. Akaniambia nile, chakula kinapoa. Kutoka hapa Rooty Hill ni vituo vitano tu vya treni, akasema. Vitano!

Mimi nawaza usalama wake tu. Kupika najua.

Jumatano, 6 Agosti

Verdiane yuko zamu kwenye nyumba ya wazee. Nimepika wali. Nimeutupa.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumekwenda Penrith kuona nyumba ya mfano. Jiko kubwa, bafu mbili, varanda. Sikudanganyika. Nyumba ya kiwandani ina magurudumu, kila mtu anajua, ni karavani iliyovaa suti. Verdiane alipokuwa akifungua makabati, nikazunguka nyuma, nikang'oa ubao wa chini, nikatambaa chini ya sakafu.

Magurudumu hakuna. Kuna nguzo za chuma, nyingi mno. Kuna pia mjusi mnene mwenye ulimi wa buluu, ambaye hakupenda kuamshwa. Nikainuka ghafla. Kichwa kimevimba.

Nilipotoka kinyumenyume, msimamizi wa viwanja vya kukodi, mama mmoja aitwaye Jacky, alikuwa amesimama akinisubiri. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema miwani. Mimi sivai miwani.

Jumapili, 17 Agosti

Leo nimetumia akili. Nimemleta kwenye nyumba ya mfano Balthazar, anayeimba besi kwenye kwaya yetu ya Doonside, na huniimbia sikioni makusudi. Simpendi. Lakini Bujumbura alikuwa mwashi miaka ishirini, na mwashi hawezi kusifu nyumba isiyo na tofali hata moja. Verdiane angemsikiliza.

Akagonga kuta. Akaruka sakafuni na uzito wake wote. Akainama kukagua vyuma vinavyoikaza nyumba chini. Nikangoja agune.

Hakuguna. Akasema kazi hii ni safi kuliko nyingi alizojenga mwenyewe. Verdiane akammiminia chai ya chupa tuliyokuja nayo. Wakazungumza kuhusu madirisha, muda mrefu kuliko madirisha yanavyostahili. Kisha Balthazar akamuuliza Jacky kama kiwanja kilicho jirani na cha Verdiane kina mtu.

Hakina. Na Balthazar ni mgane! Nimejipalia makaa mwenyewe, tena nauli nimemlipia mimi.

Jumanne, 26 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Nyumba yetu hii ya kupanga, ya matofali, yenye msingi, inavuja juu ya kochi. Verdiane akaweka ndoo. Nikasema angalau hii haitaruka. Hapo akaniangalia.

"Callixte," akasema, "unaogopa upepo, au unaogopa kubaki peke yako?"

Nikajibu ni upepo. Nilijibu kwa sauti kubwa. Halafu nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Tangu tumzike mama kule kambini, mimi na dada hatujawahi kuishi nyumba mbili. Roho inaniuma. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumapili, 14 Septemba

Verdiane kahamia. Leo kwaya nzima imekuja kubariki nyumba. Mchungaji aliposema amina tu, upepo ukaanza, ule mkali wa kutoka milimani, magharibi. Mapipa ya taka yakaanguka barabarani. Ndani watu wanajipakulia ndizi na nyama! Hakuna hata mmoja aliyetazama dari.

Nikatoka polepole. Nikaegemeza mgongo ukutani, upande wa mashariki, nikakita miguu. Mzungu mmoja akapita na mbwa, akauliza kama niko salama. Nikamwambia niko kazini. Dirishani nikamwona Balthazar, sahani ya pili.

Baadaye Verdiane akaniletea chakula. Nilitegemea acheke. Akaegemea ukuta kando yangu, nywele zake zikipepea.

"Chumba kidogo ni chako," akasema. "Uwe unakuja Ijumaa, unarudi Jumapili."

Nikasema sawa, nitakuja, maana nyumba hii inahitaji mlinzi.

Saa kumi upepo ukatulia. Nikapima kwa hatua kutoka uzioni: nyumba haijasogea hata inchi. Bila mgongo wangu sasa hivi ingekuwa Blacktown, mbele kuliko hata Rooty Hill, na kwaya yote ndani. Nikarudi sebuleni, nikawakuta wanaisifu nyumba ilivyo imara. Mimi hakuna aliyenishukuru.

Ijumaa naenda na kamba.