Mama Mkwe, Shemeji na Barakoa

Alhamisi, 6 Machi
Mpango umekamilika! Kesho nasafiri kwa ndege na mama mkwe. Mimi na yeye tu, bila mke wangu kunikatiza. Nikimhudumia vizuri, hatutatua kabla hajanipa kile chumba chake cha mbele kinachotazama barabara. Nitakifanya duka la kukodisha suti. Kikwazo ni kimoja: rubani ni shemeji, mdogo wa mke wangu. Picha yake imetundikwa sebuleni kwa mama mkwe, kwenye fremu ya dhahabu. Yangu iko nyuma ya friji.

Ijumaa, 7 Machi
Nimembebea mkoba. Nimemfungia mkanda. Mhudumu alipoanza kuonyesha jinsi ya kuvaa barakoa ya oksijeni, yako kwanza kisha ya mwenzako, nikamwambia mama mkwe asijisumbue, mimi mzoefu. (Nimepanda ndege mara moja.) Wapi! Alikuwa amevaa miwani, anamkodolea mhudumu macho kama mtu aliye kwenye mtihani.

Tukapaa. Tukiwa bado tunapanda, nikaanza habari za suti. Masikio yakaziba. Baridi ikaingia. Nikajisikia mwepesi, mwenye akili kupita kiasi. Nilimwahidi matawi kila mji! Ghafla barakoa zikadondoka kutoka juu, zikaning'inia mbele ya nyuso zetu. Watu wakapiga kelele.

Nafasi yangu hiyo! Nikajitosa nimvalishe mama mkwe kwanza, kama mkwe mwema. Vidole vikanigomea. Nikakamata hereni yake. Kumbe mwenzangu alishavaa zamani. Akanipiga kofi mkononi, akaivuta barakoa yangu kwa nguvu, akanibandika usoni.

"Pumua, wewe!"

Ndege ikainamisha pua. Mama mkwe akanishika mkono, hakuuachia.

Kisha ndege ikatulia, na sauti ya shemeji ikatoka kwenye spika, taratibu, kama mtu anayeuliza nani anataka chai. Alisema hewa ya ndani ya ndege ilikuwa ikivuja, lakini sasa tumeshuka hadi panapopumulika, na tunarudi tulikotoka. Alitua laini. Sikujua matairi yamegusa saa ngapi.

Akaja mwenyewe kutuona, shati limelowa mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Hapo machozi yakanitoka. Nikasingizia barakoa.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe amesimulia nyumba nzima, hadi habari ya hereni. Mke wangu alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Nilimuuliza shemeji aliwezaje. Akasema alifanya yale aliyofundishwa, na msaidizi wake alikuwa imara. Miguu ilianza kumtetemeka alipokwisha kutua. Anakiri hivyohivyo, bila aibu! Nimemwonea wivu miaka yote hii. Binti yule ni jabali. Nimeifuta vumbi picha yake kwa leso yangu nzuri.

Kuhusu chumba, mama mkwe amesema tupumue kwanza.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika ndani ya ndege, tukingoja kupaa. Safari ileile. Mama mkwe ameomba kiti cha mbali nami. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, anatetemeka. Nimemjulisha kwamba mimi ni mtaalamu wa dharura za angani, natoa mafunzo, na wanafunzi wa mwanzo napunguzia bei. Amevutiwa sana. Ameniuliza barakoa zikidondoka afanye nini.

Nimemwambia asiguse kitu. Nitamvalisha yeye kwanza.