Malalamiko Kuhusu Mume Niliyeahidiwa Kuwa Ametulia

Kwa Baba Mkubwa, msemaji wa ukoo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na subira ya kutosha, maana hiyo subira utaihitaji kabla hujageuza ukurasa.

Siku mlipokuja kwetu kuniposa, wewe ndiye uliyesimama mbele ya wazazi wangu. Ulikohoa, ukasema: "Kijana wetu huyu ametulia kama maji ya mtungini. Akitoka kazini, nyumbani; akitoka nyumbani, kazini." Nilikuwa nyuma ya pazia, nikakubali kuolewa kwa ajili ya maneno hayo. Sasa tunaishi ughaibuni, nami kwa heshima zote nakujulisha kwamba mtungi umevunjika na maji yamepanda mlima.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanao huku ni fundi wa lifti. Wiki nzima anahangaika ndani ya mashimo yenye giza ili watu wenye miguu mizima wasipande ngazi. Ikifika siku ya mapumziko, anavaa viatu vizito kama matofali, anabeba mfuko mgongoni na kwenda kupanda mlima kwa miguu. Nilimuuliza, "Huko juu unafuata nini?" Akanijibu, "Mandhari." Nikamuuliza kama mandhari hiyo ni mgonjwa, hata haiwezi kuonekana kutoka dirishani. Akaendelea kupaka viatu mafuta. Viatu hivyo, Baba Mkubwa, vinalala chumbani kwetu, upande wangu.

2. Aliyemwambukiza ni jirani wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu wa kuogelea, mwenyeji wa hapa hapa. Mimi namwita Mzee Soksi, kwa kuwa soksi zake humfika magotini, liwe jua iwe mvua. Ni mtu mzima, ana wajukuu, ana nyumba yenye paa zuri, lakini anavyosifu kulala nje utadhani mkewe amemfukuza. Siku moja alimwambia mwanao kuwa ana "miguu ya mlima". Mwanao akavimba kichwa wiki nzima. Watu wanaovikwa kilemba cha ukoka kichwani nimewaona wengi. Wa kuvikwa miguuni ni huyu wa kwanza.

3. Akanunua hema. Kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, akalisimamisha sebuleni "kulijaribu". Meza ikasukumwa jikoni, viti vikapandishwa kitandani. Alasiri hiyo hiyo msimamizi wangu, wa pale hotelini ninapopiga pasi mashuka, akaja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Nikiwa bado natafuta la kusema, zipu ikafunguka, kichwa cha mwanao kikatokea huko chini na kusema, "Karibu sana, mama. Ingia tu, nafasi ipo." Tangu siku hiyo msimamizi huniuliza kwa huruma kama nyumbani kuna amani. Nimjibu nini? Amani ipo, iko ndani ya hema.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mwezi uliopita mwanao aliniomba niandamane nao. "Ni matembezi madogo tu, mke wangu, kama kwenda dukani." Nikavaa viatu vyangu vya kwendea dukani. Tulipanda asubuhi nzima: Mzee Soksi mbele akitaja majina ya maua, mwanao katikati akipiga picha mawe, na mimi nyuma nikiwataja wote wawili kwa majina ambayo siwezi kukuandikia. Tulipokaribia kileleni ukungu ukashuka, mzito, hata mkono wangu nikauona kama wa jirani. Mandhari yenyewe ikawa nyeupe tupu kama shuka. Na mashuka nayaona kazini bila kupanda popote.

Mzee Soksi akatoa ramani, akaigeuza, akaigeuza tena. "Njia iko kushoto," akasema. Mwanao akasema iko kulia. Wakabishana kwa adabu kama watu wanaogombea kulipia chai, mpaka mwanao akapiga hatua moja ya kuthibitisha kulia kwake, akateleza. Nikasikia kokoto zikiporomoka, kisha kimya. Nikamwita. Hakuitika.

Hapo, Baba Mkubwa, dharau yote iliniisha. Niliuteremka utelezi ule kwa makalio, huku nalia na kuita. Nilimkuta amekaa matopeni, ameshika kifundo cha mguu. Nilimkumbatia kwanza, ndipo nikamkaripia.

"Mbona huitiki?"

"Niliona aibu," akasema.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lake liliteguka tu, nadhani kwa kuwa wewe mkuu hukusema chochote. Mzee Soksi naye aliteremka taratibu, akakaa juu ya jiwe akitetemeka: "Maisha yangu yote sijapotea. Sijapotea mimi!" Nikaona nikiwangoja wanaume hawa tutageuka mandhari. Ukungu ulipofunguka kidogo, nikaona nguzo za uzio zikiteremka bondeni. Uzio una mwenyewe, na mwenyewe ana nyumba. Nikamwegemeza mwanao begani, nikampa Mzee Soksi mkoba wangu aushike asije akapotelea ubavuni mwangu, tukafuata waya mpaka kwenye lango la mama mmoja mfugaji. Alitupakia kwenye trela la trekta, juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mwenyeji mwenyewe, Mzee Soksi, alisinzia njia nzima, amekumbatia mkoba wangu.

5. Kesho yake nilimsikia mwanao akiongea na fundi mwenzake kwa simu: "Tulikuwa na safari nzuri sana." Tulikuwa!

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uitishe kikao cha ukoo. Mwamuruni mwanenu siku za mapumziko akae kwenye kochi kama wanaume wengine, atazame mpira na kumtukana refa. Akikaidi, mrudisheni nyumbani, mniletee mdogo wake, ambaye nasikia bado anaogopa mvua. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na sasa gunia limefunguka: ni mbuzi wa milimani.

Nisalimie Mama Mkubwa, mawifi zangu wote na watoto wao, na hata hao wanaocheka wakati unawasomea barua hii.

Ni mimi mkamwana wako, mwenye kukuheshimu na kungoja maelezo,

Mke wa Fundi

Nyongeza: Hicho kikao usikiitishe kwanza. Kikundi cha matembezi cha Mzee Soksi kimesikia habari za ule uzio, wamekuja kuniomba niwaongoze Jumapili hii kwenye mlima mwingine, mrefu zaidi. Wanasema kutoka kileleni unaona maziwa mawili kwa pamoja. Nimekubali, kwa usalama wao tu. Tatizo ni mwanao. Mguu umepona, daktari amemruhusu, lakini anasema milima amekoma, yeye sasa ni mtu wa kochi na mpira. Baba Mkubwa, huyu ni mwanamume gani wa kujifungia ndani? Mpigie simu upesi, umwamuru atoke.