Upinde wa Kuingia Shantani

Jumamosi, 7 Septemba 1974

Mdomo huu utanizika. Leo tulikunywa chai kwa Winifrida, Sundbyberg, hapa hapa Uswidi. Ni muuguzi, mtu wa Bukoba, na akinitazama nasahau hata Kiswahili. Akasema anataka kwenda milimani kaskazini, atembee kwa miguu wiki nzima na kulala hemani. Nani ataandamana naye? Ochola, yule Mkenya wa kiwandani Jordbro, akajibu kwamba kutembea hakumtishi, kinachomtisha ni njaa. Wakacheka. Pamoja!

Hapo nikasikia sauti ikisema kwamba sisi wa Usukumani ni ukoo wa wawindaji, na kwamba upinde wangu utawalisha nyama safari nzima. Ilikuwa sauti yangu. Mimi, mtengeneza meno ya bandia! Sijawahi kuchinja hata kuku.

Winifrida akaomba niwaonyeshe Jumamosi ijayo, msituni Jordbro. Sina upinde.

Jumatatu, 9 Septemba

Dukani. Muuzaji ni mama wa makamo mwenye mikono ya seremala. Nikamweleza: upinde ustahimili mvua, baridi na kuangushwa, kisha uingie kwenye shanta. Akatoa mitatu. Wa kwanza kipande kimoja, mrefu kama mimi. Akasema utanasa kila tawi. Wa pili mfupi mno, ugwe wake ukivutwa unabana vidole. Wa tatu unafunguka vipande vitatu, mpini na mabawa mawili, na bolti zake unazikaza kwa mkono, bila spana. Huo ndio, akasema, ila nichukue mabawa laini. Upinde mgumu kuuvuta hauna faida kwa mtu aliyechoka, vidole vimekufa ganzi. Tena nisiondoke bila ugwe wa akiba.

Mabawa laini! Nikauliza yapi magumu kuliko yote. Akanionyesha, akakitazama kifua changu, akatikisa kichwa. Nimeyanunua hayo hayo. Ugwe wa akiba nimeukataa. Mwindaji gani hukatikiwa na ugwe?

Alhamisi, 12 Septemba

Upinde hauvutiki. Nimevuta kwa mikono, kwa magoti, kwa sala. Mwisho nikaufunga ugwe kwenye kitasa cha mlango, nikavuta kwa uzito wa mwili. Kitasa kimetoka. Ugwe umechanika nyuzi kidogo, nadhani si kitu. Bega limelia ko!

Kazini nimemtengenezea mteja meno yanayotazama kooni. Mkuu wangu akauliza kama nimefiwa. Nikamjibu bado.

Jumamosi, 14 Septemba

Aibu. Ardhi ingepasuka.

Winifrida alikuja na maandazi, Ochola na njaa yake. Nikaunga upinde haraka haraka, kama mzoefu. Winifrida akaniuliza kwa upole kama maandishi ya mabawa huwa yanasomwa miguu juu. Nikaufungua, nikaunga upya. Nikavuta. Mshale ukaanguka juu ya kiatu changu.

Ochola, bila haya hata chembe, akasema, “Mimi haya mambo siyajui kabisa, bwana. Hebu nionyeshe.”

Nikamwambia uwindaji uko kwenye damu, haufundishwi. Nikavuta tena kwa hasira. Ugwe ukakatika, pa! Shavu langu lina mstari kama barabara.

Akapita mzee na mbwa wake. Alipoona upinde akasimama, akatueleza kwamba nchi hii hairuhusu kuwinda kwa upinde. Mnyama yeyote, hata sungura. Nikamuuliza, kwa ukali, tangu lini.

“Tangu hujazaliwa,” akasema. Mbwa akala andazi langu.

Ochola alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 15 Septemba

Bega limevimba, kanisani sikwenda. Nililala nikitazama ukuta nikifikiria kurudi Mwanza, ila huko nako wananijua.

Mchana Winifrida akaja na uji. Akaniambia anaondoka Ijumaa na Ochola, na kwamba watabeba dagaa wa kopo. Nikageukia ukutani. Nililia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Akavuta kiti, akakaa. Kisha akasema, “Kaka Mashauri, mimi sikutafuta mwindaji. Nilitafuta mtu wa kutembea naye. Ungesema tu kwamba hujui, ningekuchukua wewe.”

Mimi! Angenichukua mimi!

Akaendelea kwamba majira ya baridi anataka kujifunza kuteleza kwenye theluji. Hajui hata kusimama juu ya zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Angefurahi kupata mwenzake asiyejua, waanguke pamoja.

Nilielewa. Haki ya Mungu, nilielewa kila neno. Mlango ulikuwa wazi, na yeye kaushika. Nikafungua kinywa niseme sijui.

Nikasema nimeteleza theluji tangu utoto, kileleni Kilimanjaro.

Akanywa uji wangu wote, akaenda zake.

Jumatatu, 16 Septemba

Duka la mbao za theluji. Kijana wa pale akauliza kama ndiyo kwanza naanza. Nimemwambia alete ndefu kuliko zote.