Nta Kwenye Swichi za Babu Lukumani

Alhamisi, 4 Desemba

Nimesema "ndiyo" bila kusikia swali. Tena! Sasa nimo mashindanoni.

Kwenye ofisi ya Babu Lukumani ya kuchapa na kutoa kopi tunajifunza kazi wawili: mimi na Julieth, niliyemaliza naye kidato cha nne. Kiti cha kazi ni kimoja. Leo mjukuu wa Babu, Idrisa, kaleta mzigo kutoka Dar: kibodi mbili tupu na vifuko vitatu vya swichi. Swichi ni kale kadude kanakokaa chini ya kila herufi. Hizi zinachomekwa na kuchomolewa, unaweka unazopenda.

Babu alianza kazi enzi za taipureta. Anasema kibodi bapa za siku hizi ni kama kubonyeza ugali uliopoa. Kidole hakijui kama herufi imeingia, basi anagonga hadi chini, na jioni vidole vinamuuma. Anataka swichi yenye kinundu. Ukibonyeza, katikati ya njia kidole kinakutana na kijiinuko, kinakivuka, ndipo unajua: imeingia. Iliyo bora haiyumbi, haikwaruzi, na kinundu chake hakina wasiwasi. (Natamani ningekuwa swichi.)

Kila mmoja achague mfuko, apange kibodi yake. Jumamosi ya wiki ijayo Babu atachapa kwenye zote mbili. Atakayempendeza anapewa kiti.

Nikikosa, Mama keshasema: stendi, kuuza asali. Kuuza asali stendi ni kukimbilia madirisha ya mabasi na kupayuka "Asali! Asali ya Tabora!" mbele za watu. Mimi, ambaye hata kanisani naimba kwa midomo tu!

Jumapili, 7 Desemba

Babu katupa sampuli, moja ya kila mfuko. Nimezibonyeza kwa kidole gumba, kwa kidole cha mwisho, kwa shavu.

Ya kwanza: kinundu kikubwa mno, tuta la barabarani. Ya pili: kinundu chenye haya, huwezi kujua kama kipo. Kilinihuzunisha. Ya tatu... ah! Kinakusimamisha kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, halafu kinakuachia upite. Ila inakwaruza. Kidogo sana. Mchanga kwenye wali.

Nimeihakiki tena kanisani, mfukoni, wakati wa mahubiri. Nilidhani haisikiki. Padri alinyamaza katikati ya sentensi. Mama kanifinya.

Naandika: inasikika.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimechukua mfuko wa tatu. Julieth kachukua wa kwanza kwa sababu swichi zake ni za waridi, zimeshabihiana na kucha zake. Hata hakubonyeza! Akaniambia, "Shosti, unazipapasa kama unanunua parachichi. Na ukiongea kwani unakatwa ulimi?" Wateja wakacheka. Nikacheka nao, nisionekane nina kinyongo. Ninacho.

Baadaye nikamsikia Idrisa akisema mafundi wa Dar hupaka swichi mafuta maalumu ili zisikwaruze. Nilitaka kuuliza mafuta gani. Akanigeukia. Nikatazama sakafu. Akaeleza kwa urefu sehemu ya kupaka na sehemu ya kutokugusa kabisa, na mimi muda wote huo nilikuwa nawaza kama sketi yangu ina doa. Akauliza kama nimeelewa.

Nikasema ndiyo.

Jumanne, 9 Desemba. Sikukuu, ofisi imefungwa

Nimepata! Nta!

Nimeshindwaje kuiwaza mapema? Baba ana mizinga ya nyuki kule Ipole. Kwetu nta ndiyo dawa ya kila kitu: zipu iliyokwama, bawaba inayolia, visigino vilivyopasuka. Swichi ni nini mbele ya bawaba?

Kutwa nimekaa uani. Nafungua swichi kwa pini ya Mama ya nywele, napaka nta ya moto ndani, kote, nafunga. Baba akauliza nafanya nini. Nikamwambia najifunza kompyuta. Akafurahi sana, kumbe kompyuta nayo inataka nta! Akanijazia kikopo kizima. Akaonya tu kwamba haijachujwa vizuri, bado ina asali. Nikaona bora zaidi, asali italainisha.

Swichi moja nimeiacha, nimechoka. Ni ya pembeni kabisa kule juu. Kitufe kile hakuna binadamu aliyewahi kukibonyeza.

Matokeo: mlenda! Mkwaruzo hakuna. Kuhusu kinundu sitawaza leo.

Alhamisi, 11 Desemba

Kinundu hakipo. Nimekitafuta kwa kila kidole.

Labda kimelala. Jana mvua ilinyesha kutwa, baridi imegandisha nta. Leo jua limetoka, nimeanika kibodi kiamke.

Halafu nimeona sisimizi. Mmoja tu. Sisimizi mmoja si jambo. Alitembea hadi kwenye A, akasimama, akarudi alikotoka mbio. Mbio za nini?

Ningeweza kumuuliza Idrisa. Nilikwenda kabisa hadi mezani kwake, nimejiandaa. Nikamwomba stepla.

Jumamosi, 13 Desemba

Siku yenyewe imefika.

Mwalimu mmoja wa Kwihara alikuja kuchapiwa barua ya kuomba uhamisho. Babu akasema barua hiyo hiyo ndiyo mtihani. Akafumba macho.

Kibodi ya Julieth kwanza. Ta-ta-ta-ta, mvua ya mawe kwenye bati. Babu akasema inafaa, ila kila herufi ni kupanda mlima.

Yangu. Akachapa "Ndugu Mkurugenzi". Ile i ya mwisho ikazama. Haikurudi. Mkurugenziiiiiiiii, mstari wa kwanza, wa pili, ukurasa! Mwalimu akasema kwa upole kwamba Mkurugenzi atadhani ameandikiwa na mtu anayelia.

Kisha wakatoka. Chini ya A, kwa mstari, kama misafara ile ya kale tuliyosoma darasani: mmoja mbele, wengine nyuma na mizigo yao. Wakaingia mkono wa kanzu ya Babu.

Babu akafumbua macho. "Josepha mjukuu wangu, hii ni kibodi au mzinga?"

Julieth alicheka hadi miguu ikamwishia nguvu, akakaa. Kwenye kiti. Kile kiti!

Babu akiwa anakung'uta sisimizi, kidole chake kikagusa kitufe cha pembeni kule juu. Akatulia. Akabonyeza tena. Akafumba macho tena, na uso wake wote ukalainika. Akasema hii, hii hasa, ndiyo anayoitafuta tangu taipureta yake ife. Akaniuliza hii moja nimeifanyia nini.

Nikasema sijaifanyia kitu.

Babu akasema polepole kwamba kuchagua nilijua kuliko mtu yeyote aliyewahi kuingia mle ndani, tatizo langu ni kutojua kuacha, na kutouliza. Akauliza kama nimeelewa.

Nikasema ndiyo.

Idrisa ataagiza mfuko mwingine kama wangu. Kiti ni cha Julieth.

Jumatano, 17 Desemba

Stendi. Jana nililiendea basi la Mpanda nikanong'ona "asali". Mama mmoja dirishani akaniambia, "Pole mwanangu, chenji sina."

Lakini nina mpango! Julieth (si mbaya, tuseme kweli) kanirekodia sauti yake kwa malipo ya sega moja: "Asali! Asali ya Tabora, tamu kuliko mchumba!" Festo wa kwaya kaniazima spika ya parokia, na kaniapisha nirudishe kabla ya Krismasi ikiwa nzima kama ilivyo. Mimi nitajibanza nyuma ya ndoo, spika itaita. Sitafungua mdomo hadi uzeeni!

Kasoro ni moja tu: kitufe cha kuwashia kinakwama kidogo. Festo kasema nyuma ya stendi yupo fundi redio, nimuulize, ni mtu mwema. Nimempitia. Alikuwa na wateja, wanazungumza. Wote wakanitazama. Nikawapa shikamoo, nikapitiliza.

Si neno. Kikopo cha Baba bado kina nta.